Skopu (darubini ya bunduki) ya dola 400 kwa .308, moja ya renji na ya kuwindia, nisaidieni kabla sijaliwa hela

Ngosha wa Waco

Wakuu habari za majukumu. Nipo Texas mwaka wa saba sasa, makaratasi yangu yako sawa, mwezi uliopita nimenunua bunduki ya .308 ile ya kuvuta boliti kwa mkono. Jirani yangu ana shamba la ng'ombe, nguruwe pori wanamfukulia malisho kila usiku, kaniambia njoo upige unavyotaka, halafu Novemba nataka nijaribu kulungu. Jumamosi huwa naenda renji (uwanja wa shabaha), kuna upande wa yadi 100 na mwingine wa 300.

Sasa bunduki haina skopu. Bajeti ni dola 400, mke ameshakubali hiyo, ikizidi hapo nalala sebuleni. Dukani muuzaji ananisukumia 6-24x50, anasema kubwa ndo mpango mzima, unaona hadi tundu la risasi kwenye karatasi bila kutoka kwenye benchi. Mzee mmoja wa renji akacheka akasema 3-9x40 inatosha maisha yako yote. Nimechanganyikiwa. Na hizi FFP na SFP ni nini, MOA na mil nichukue ipi, paralaksi ni ugonjwa gani? Mimi kwetu baba mkubwa alikuwa na gobore, mambo ya lenzi hayakuwepo, ulikuwa unasogea karibu mpaka unasikia harufu ya mnyama.

Fundi Saa

Hahaha karibu chama kaka. Msikilize huyo mzee wa renji, muuzaji ana kamisheni yake.

Anza na namba. 3-9x40 maana yake inakuza mara 3 hadi mara 9, lenzi ya mbele ina milimita 40. Gawanya 40 kwa 9 unapata 4.4, huo ndo upana wa duara la mwanga linalofika jichoni kwako. 50 kwa 24 unapata 2 na kidogo tu. Mchana wa jua kali huoni tofauti maana mboni ya jicho nayo imejifunga, lakini nguruwe na kulungu wanatoka saa ngapi? Magharibi na alfajiri, saa hizo mboni inafunguka milimita 5 hadi 7 inataka mwanga, wewe unaipa 2. Utaona picha kubwa nyeusi. Ni kweli unaweza kuishusha ile 6-24 mpaka 6 ukapata mwanga wa kutosha, ila sasa umelipia 18 za juu za nini? Na upana wa picha ukiwa kwenye 6 ni kama mita 5 na nusu kwa yadi 100, wakati ile 3-9 ukiwa kwenye 3 unaona mita 10 hivi. Nguruwe hatembei peke yake na wala hasimami akusubiri.

Halafu uzito. Leupold VX-Freedom 3-9x40 ni kama gramu 350. Vortex Diamondback Tactical 6-24x50 inakaribia gramu 700. Kwenye benchi huhisi kitu, tembea nayo kilomita 4 kwenye nyasi ndo utanikumbuka.

FFP msalaba wa ndani unakua na kupungua pamoja na picha, kwa hiyo zile alama zake zinasema kweli kwenye zumu yoyote. SFP msalaba haubadiliki, picha ndo inakua, alama zinasema kweli kwenye zumu moja tu, mara nyingi ile ya juu kabisa. Wanaopiga mbali na kuhesabu wanapenda FFP. Ubaya wake ukishusha zumu msalaba unakuwa mwembamba kama unywele, magharibi kwenye kichaka unaupoteza, na skopu nyingi za bei hii hazina taa ya kuokoa. Kwa kazi yako SFP.

MOA na mil ni vipimo vya pembe tu. MOA moja ni kama inchi moja kwa yadi 100, inchi 3 kwa yadi 300. Mil moja ni sentimita 10 kwa mita 100. Zote zinapima kitu kilekile, wewe uko Texas, kila mtu renji anaongea inchi na yadi, chukua MOA usijitese. Kitu cha kukwepa ni skopu yenye alama za mil ndani na vifundo vya kurekebishia shabaha vya MOA nje, zipo, ni vurugu tupu.

mama_shabaha254

Boss sisi huku Kenya kuwinda kulipigwa marufuku 1977 so mimi napiga shabaha za karatasi na vyuma tu, lakini hiyo ya paralaksi ninaijua vizuri juu ilinisumbua karibu mwaka mzima. Jaribu hivi: weka bunduki kwenye mifuko ya mchanga, boliti iko nje, usiishike kabisa. Angalia karatasi kupitia skopu halafu sogeza kichwa juu, chini, kando. Ukiona msalaba unatembea juu ya karatasi na bunduki haijasonga, hiyo ndio paralaksi. Nilikuwa nadhani mkono wangu ndio mbaya kumbe shavu langu linakaa tofauti kila risasi.

Skopu nyingi za kuwinda zimewekwa yadi 100 au 150 kiwandani na huwezi badilisha. Hiyo ni sawa, kwa 300 kosa ni dogo ukiweka shavu pahali pamoja kila saa. Kama utapiga karatasi zaidi ya kuwinda basi tafuta yenye kifundo cha upande wa kushoto cha kurekebisha, mfano Diamondback Tactical 4-16x44, inaingia kwa bajeti yako kama ukipata ofa. Hapo siungani na Fundi Saa moja kwa moja, 9 kwa yadi 300 inawezekana lakini nikitaka kuona duara dogo mimi napenda 12 hivi. Ni macho yangu pia, nimevuka hamsini.

Mzee wa Nyayo

Vijana wangu. Nilifuata nyayo miaka kumi na moja na kampuni ya uwindaji upande wa Selous, nimeona skopu za kila rangi. Wageni walikuja na madude marefu kama bomba la maji, wa kwanza kulalamika ni wao. Nyati hapigwi chini ya .375 kwa sheria zetu, na bunduki ile tuliipenda iwe na 1.5-5x20 au shabaha za chuma tupu bila lenzi, maana unapiga mita 50 kichakani.

Nataka kusema kuhusu jicho. Kuna mgeni alikuja na skopu aliyoifunga nyuma sana, bunduki ilipompiga kitako ile duara ya nyuma ikamkata juu ya nyusi, damu ikajaa jicho, na nyati hana hata mchubuko. Tulikaa juu ya kichuguu cha mchwa saa mbili tunamfunga kitambaa. .308 haipigi hivyo lakini ukiwa juu ya stendi unapiga kuelekea chini, au umelala tumbo, uso unasogea mbele bila wewe kujua. Tafuta skopu inayokupa inchi 3 na nusu au 4 kati ya jicho na lenzi, na uifunge ukiwa umevaa koti lile lile utakalowindia.

Ngosha wa Waco

Shikamoo mzee. Hiyo ya koti nisingewaza kabisa, Novemba huku baridi inakuja ghafla. Fundi, kwa hiyo jina gani sasa? Kuna jamaa ananiuzia Nikon Monarch kwa dola 180, imetumika.

Fundi Saa

Marahaba haikuwa yangu lakini naipokea 😂

Nikon ilikuwa skopu nzuri sana, ila waliachana na biashara ya skopu za bunduki tangu 2020 hivi, kwa hiyo nunua ukijua unanunua kitu ambacho mwenye nacho ameshafunga duka. Vortex waranti yao haiulizi maswali, hata ukiinunua mkononi kwa mtu. Leupold nao wanatengeneza bila kuomba risiti. Kwa dola 400 mimi ningeangalia VX-Freedom, Burris Fullfield, au ile ya mama_shabaha kama roho inapenda karatasi.

Ila SIKILIZA. Usimalize 400 kwenye skopu. Toa 80 au 90 ya besi na ringi za maana (vya kufungia skopu kwenye bunduki) na bisibisi ya kupima nguvu ya kukaza. Mimi nilifunga ya kwanza kwa mkono, nikakaza mpaka mshipa ukanitoka, bomba likapata mkunjo na zumu ikawa inakwama. Ya pili nikaogopa nikakaza kidogo, kila risasi tano inahama. Skrubu za ringi za juu ni inchi-paundi 15 hadi 18, soma karatasi ya ringi zako, si zaidi.

Na usiiangalie ndani ya duka kwenye taa nyeupe, humo kila skopu ni nzuri. Nenda jioni, omba uzitoe mbili mlangoni, tafuta namba ya gari iliyopaki kivulini upande wa pili, jaribu kuisoma.

Kijana wa Chalinze

Naingilia kidogo wakuu, mzee wangu ana .30-06 ya kihalali ana kibali, kuna ndugu anakuja Desemba kutoka Houston, si anaweza kumletea skopu tu kwenye begi? Ni darubini tu si bunduki

Fundi Saa

Hapana mdogo wangu. Marekani skopu ya bunduki inahesabika kwenye bidhaa zinazodhibitiwa kutoka nje ya nchi, inatakiwa leseni ya serikali yao kuitoa. Ndugu yako atakamatwa kwa kitu cha dola 300. Mzee apitie kwa muuza silaha mwenye leseni hapo nyumbani, bei itamuuma lakini atalala.

Ngosha wa Waco

Narudi na mrejesho, samahani nimekawia.

Nilienda dukani Alhamisi saa mbili kasoro jioni. Muuzaji alinuna ila akanitolea mlangoni. Kulikuwa na gari la kijivu chini ya mti, ile 6-24 ukiiweka 20 unaona kitu kikubwa kina ukungu, namba sikuisoma. 3-9 ikiwa kwenye 7 nikaisoma yote na kibandiko cha pembeni. Nikachukua VX-Freedom, na chenji ikatosha ringi na bisibisi.

Jumamosi nikafanya lile jaribio la boksi alilonieleza yule mzee wa renji, la kuona kama vifundo vinarudi palepale (kliki moja ni robo MOA). Yadi 100, risasi moja katikati, kliki 20 juu nikapiga, kliki 20 kulia nikapiga, 20 chini, 20 kushoto, ya mwisho ikarudi na kugusa tundu la ile ya kwanza. Mraba wa inchi tano tano kasoro kidogo, kidogo hicho ni mimi. Nimeseti inchi 2 juu kwenye 100 ili 200 iwe palepale, kwa 300 inashuka inchi 8 au 9 na bado inagusa karatasi.

Sasa jana shambani. Tumekaa mpaka giza linaanza kuingia, tukaamua kurudi, natembea kwenye njia ya trekta, nguruwe watano hao wanatoka kwenye korongo, yadi 40 labda. Nimeinua bunduki nimeweka jicho, naona MANYOYA. Manyoya tu skopu nzima, sijui ni bega sijui ni tako, nikahamisha kushoto manyoya, kulia nyasi, nikahamisha tena, wameshaondoka. Jirani anacheka mpaka leo asubuhi. Niliiacha kwenye 9 tangu renji.

Mzee wa Nyayo

Ukitembea iwe kwenye 3, mwanangu.