Naomba ushauri: nafunga Kwaresima, lakini nyumbani nimekuwa mkali

Ndugu zangu katika Kristo, naombeni ushauri. Tangu Jumatano ya Majivu nafunga kila siku mpaka jioni, isipokuwa Jumapili, ambazo hazihesabiwi katika zile siku 40. Najua Kanisa Katoliki linatudai kufunga siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59. Haya mengine nimejiongezea mwenyewe kwa moyo.

Shida ni hii. Jioni narudi kutoka kazini kichwa kinagonga, neno dogo tu nafoka. Juzi mwanangu alileta daftari nimsaidie hesabu, nikamfukuza. Akasimama mlangoni, kalamu mkononi, akauliza: "Mama, Mungu ndiye amekuambia ukasirike?" Sikupata jibu. Usiku nikasoma Isaya 58, pale Mungu anapowakemea wanaofunga huku wakigombana, nikalia.

Sasa nipunguze mfungo, niweke nguvu kwenye sala na sadaka? Au nitakuwa nimevunja ahadi niliyomwekea Mungu? Padre nitamwona Jumamosi kwenye kitubio, lakini natamani kuwasikia hasa wazazi mliowahi kupitia hali hii. Mlifanyaje?