Naomba ushauri: natia wanzuki (pombe ya asali) kwenye chupa kwa mara ya kwanza, naogopa zisije zikapasuka

Habari za jioni wakuu. Niko Tabora mjini. Bibi yangu wa Sikonge hutengeneza wanzuki wa kunywa siku ya tatu au ya nne, ungali mtamu. Mimi nataka wangu ukae kwenye chupa na uwe na gesi kama bia.

Nilichanganya asali kilo 3 ya miombo na maji lita 15, nikatia hamira, nikafunika ndoo. Leo ni siku ya 19. Mapovu yamepungua sana ila hayajaisha, na ukionja utamu bado upo kwa mbali.

Nimesoma kwamba wakati wa kujaza huongezwa sukari gramu 6 hadi 8 kwa lita, hamira iliyobaki iigeuze kuwa gesi. Hesabu hiyo inafaa tu kama sukari ya mwanzo imekwisha, na hapo ndipo ninapokwama, maana kipimo cha sukari sina. Juzi nilijaza chupa moja ya plastiki ya soda bila kuongeza chochote. Kesho yake ilikuwa ngumu kama jiwe, nikalegeza kizibo haraka. Je, hiyo si dalili kwamba bado?

Na joto hili la Oktoba, nisubiri wiki ngapi? Chupa za bia ninazo 30, nimeshaziosha, lakini nyumbani kuna watoto wadogo. Kioo kikipasuka stoo sitajisamehe.

Waliowahi kufanya, tafadhali nielekezeni.