Mwalimu mkuu kanizuia kuunganisha darasa langu na wanafunzi wa Marekani, naombeni ushauri

Mwl Nyanda za Juu
Habari za jioni wakuu. Mi ni mwalimu wa msingi huku Njombe vijijini, nafundisha sayansi darasa la sita. Tangu mwaka jana darasa langu linaongea na darasa la shule moja ya Ohio kule Marekani kwa Skype, natumia kile kishikwambi cha sensa ya 2022 tulichogawiwa walimu, bando natoa mfukoni. Tunaongea saa tisa alasiri ambayo kwao ni saa mbili asubuhi ndo wanaingia darasani. Novemba tuliwasubiri saa nzima watoto wakaanza kusinzia, kumbe wenzetu wamerudisha saa zao nyuma, ikabidi tuhamie saa kumi.

Wakuu hiki kitu kimewabadilisha watoto. Kuna binti hajawahi kunyoosha kidole tangu nimjue, siku wale wa Ohio walipouliza kwanini sisi tunasema saa tatu wakati saa inaandika tisa, akasimama na Kiingereza chake hichohicho akawaambia sisi tunahesabu toka jua linapochomoza, nyie mnaanza kuhesabu usiku wa manane watu wamelala. Darasa zima kule likapiga makofi. Nilitoka nje nikajifuta machozi.

Sa hivi mwalimu mkuu kasema basi, hataki kukiona kishikwambi darasani. Niende kwa afisa elimu kata au niendelee nje ya muda wa shule?

Kipute
Wivu tu huo. Ukifanya kitu kikaonekana unaundiwa zengwe. Mi niliwahi kuanzisha klabu ya kompyuta na mashine mbili mbovu, nikahamishwa kituo ndani ya mwezi. Komaa mkuu.

Mama Wawili
Hongera mwalimu, wanangu wanasoma shule ya ada kubwa hapa Dar na kompyuta wanaziona kupitia dirishani. Ila bando unatoa mfukoni hadi lini? Wizara iliangalie hili.

Mzee wa Chaki
Nimefundisha miaka 34. Zamani tulikuwa na marafiki wa kalamu, barua inaenda Ulaya inarudi baada ya miezi, mtoto kashasahau alichouliza, kwa hiyo nakuelewa kijana wangu. Lakini hujasema mwalimu mkuu katoa sababu gani. Mtu hazuii jambo jema bila neno. Sema yote.

Mwl Nyanda za Juu
Shikamoo mzee. Sababu ni mambo ya wazazi tu, kuna mmoja alikuja kulalamika. Ila wengine wote wanafurahia.

Mzee wa Chaki
Marahaba. Alilalamika nini?

Mwl Nyanda za Juu
Sawa. Yule mwalimu wa Ohio alifungua ukurasa wa kuchangisha ili tupate laptop na projekta, akaweka picha ya mwanafunzi wangu mmoja, akaandika mtoto huyu hana viatu. Mama yake ana ndugu Dar, akaiona akamtumia. Na kweli mtoto viatu anavyo, siku ile tulikuwa bustanini wote tumevua, hata mimi. Picha nilituma mimi lakini nilituma nikieleza bustani ya mchicha, maneno ya viatu si yangu.

Binti Pwani
Na hela zilipita wapi?

Mwl Nyanda za Juu
Kwenye simu yangu. Dola 600. Laptop nimeshanunua, projekta mtumba nimeshanunua, risiti zote ninazo, sijala hata mia. Ningepeleka akaunti ya shule ingechukua mihula miwili, mnajua wenyewe. Na Alhamisi nimeshawaambia watoto waje kwangu nyumbani tuendelee, sebule inatosha, sioni shida.

Binti Pwani
Huoni shida?? Hela ya shule kwenye simu yako, vifaa vya shule kwako, na Alhamisi watoto wa watu nao kwako. Na picha ya mtoto ni taarifa binafsi, sheria ipo toka 2022, ridhaa anatoa mzazi. Huyo mama kadhalilishwa. Anamnunulia mwanawe viatu, halafu dunia nzima inaambiwa hana.

Kipute
Jamani msimmalize, hela si kaifanyia kazi. Wangapi wangekula?

Nyundo
Chai hii. Skype imefungwa Mei 2025, we mwenzetu unaongea nayo hadi leo. Hakuna Ohio hapo, mtu anatengeneza mazingira ya kuja kutuomba namba za kutuma michango. Mods wafunge uzi.

Mama Wawili
Loh, na mi nilishaanza kufikiria kumchangia bando.

Mwl Nyanda za Juu
Sijaomba mchango wa mtu. Tulianza na Skype, ilipofungwa tukahamia Google Meet, watoto bado wanaita Skype na mimi limenikaa mdomoni. Mwezi wa tisa tarehe 22 tulipima kivuli cha kijiti cha mita moja, sisi huku wao kule, kila mmoja mchana wake jua likiwa juu kabisa. Chetu sentimita 16, chao 84. Watoto walibishana wiki nzima.

Nyundo
Hata mi naweza kuandika namba.

Mwl wa Jiografia
Ngoja. Chenu kilikuwa kifupi kabisa saa ngapi?

Mwl Nyanda za Juu
Saa sita na dakika 34. Watoto walitaka kuondoka saa sita kamili, nikawaambia subirini bado kinapungua.

Mwl wa Jiografia
Nyundo, hii si chai. Saa yetu inafuata longitudo 45, Njombe iko karibu na 35, kila digrii dakika 4, hapo jua linachelewa dakika 40, na mwezi wa tisa linawahi kama dakika 7. Na hivyo vivuli ni latitudo 9 na 40 kabisa, Njombe na Ohio. Anayetunga angeandika saa sita kamili.

Nyundo
Sawa, ya vivuli nakubali. Ya hela bado.

Mzee wa Chaki
Kijana wangu, kwa afisa elimu usiende. Anza kwa huyo mama, nenda na mkeo, usiende na maelezo ya bustani, nenda na pole. Kisha peleka laptop na projekta na risiti kwenye kamati ya shule, waandike kwenye daftari la mali. Alhamisi watoto wabaki kwao.

Mwl Nyanda za Juu
Picha Ohio wameshaitoa, nimewaandikia leo. Kwa mama ntaenda kesho jioni. Ila Alhamisi mzee, wale wa kule wameandaa kutuonyesha majani yao yanavyobadilika rangi, yakishapukutika ni mpaka mwakani.

Binti Pwani
Wakurekodie. Kesho nenda kwa mama.

Mwl wa Jiografia
Mkuu hicho kijiti mlikinyoosha kwa timazi au kwa macho? Machi usiku na mchana vinalingana tena, nataka nipime na wangu huku Tanga.