Mvinyo wa maembe umegoma kutakata, naomba ushauri

Chachu: Wakuu habari. Nina lita 20 za mvinyo wa maembe. Nyama ya maembe niliichemsha kidogo, ikapoa, nikatia sukari na hamira ya mvinyo. Haidromita (kipimo cha kuonyesha sukari iliyobaki) ilianza 1.090, sasa ni 0.996 na haishuki tena. Ladha nzuri sana, lakini una ukungu mzito, yaani hauangazi. Nimeuhamisha mara mbili kuacha mashapo, bado. Niuchuje kwa kitambaa?

Pipa Kuu: Hongera mkuu, hapo kilevi ni kama asilimia 12, hamira imemaliza kazi. Kitambaa acha. Chembe za ukungu ni ndogo mno, zitapita, na hewa itakayoingia itaharibu hiyo ladha. Nashuku pektini, ule ute wa matunda unaogandisha jemu, maana tunda likichemshwa huitoa kwa wingi. Pima hivi: kijiko kimoja cha mvinyo, vinne vya spiriti, changanya kwenye glasi, subiri nusu saa. Ukiona utando wa kuvutika kama mlenda, ndiyo yenyewe. Sampuli hiyo mwaga, usiionje kabisa, spiriti ni sumu.

Kisonjo: Ukungu haudhuru mtu lakini. Mimi ningekunywa tu.

Chachu: Nimepima. Mlenda mtupu! Nafanyaje sasa?

Pipa Kuu: Tia pektinasi, kimeng'enya kinachokatakata pektini. Kwenye pombe kinafanya kazi kwa kusuasua, kwa hiyo ongeza kipimo kiwe mara mbili ya kile cha pakiti, na usiweke kwenye friji kwanza, baridi itakizubaisha zaidi. Mzigo ujao usichemshe maembe. Kitie mwanzoni, saa 12 hivi kabla ya hamira.

Mama Dumu: Ukungu ukibaki baada ya hapo, huenda ni protini. Tumia bentonaiti, udongo laini wa kutakasia mvinyo, gramu 1 kwa lita. Koroga kwenye maji ya moto hadi uwe uji usio na madonge, ulale usiku kucha, ndipo umimine. Ina chaji hasi, protini zina chaji chanya, zinanasana na kuzama pamoja. Ukihamisha, ncha ya mpira ikae juu ya mashapo, usiyatibue.

Na ukitaka kuongeza utamu, tia kwanza potasiamu sorbeti na salfaiti, dawa za kuzuia hamira isianze tena. Bila hivyo hamira itaamka ndani ya chupa, chupa ipasuke, na vigae haviangalii jicho la nani.

Chachu: Asanteni sana. Pektinasi naitia leo, bentonaiti nasubiri nione.