Msalaba wa Kusini juu ya Kibo: kupanga kwa Stellarium (programu ya ramani ya anga)

Giza_Totoro: Wakuu, nataka kupiga picha ya kundi la nyota la Msalaba wa Kusini juu ya Kibo nikiwa Amboseli. Dira ya simu inayumba. Niende lini, na lenzi ya 24mm inatosha?

Kilimia: Mlima uko karibu kusini kabisa. Andika eneo mwenyewe kwenye Stellarium, kisha sogeza saa mpaka Msalaba usimame wima. Katikati ya Mei ni kama saa 3:30 usiku (programu itaonyesha 21:30). Kila mwezi ukirudi nyuma, ongeza saa mbili. Mimi ningechagua Februari, saa 9:30 usiku, kabla ya masika.

Lenzi_Pana: Dira inavurugwa na kava lenye sumaku au bati la gari. Sogea mita kumi, chora namba nane kwa simu. 24mm inatosha ukisimamisha kamera wima, maana Msalaba uko nyuzi 33 tu juu ya upeo. Weka kamera f/2.8, ISO 3200, sekunde 20: nyota za kule kusini huenda nusu ya kasi ya zile za utosini, hazichoreki kama mistari. Fokasi kwa mkono kwenye Alfa Kentauri, nyota angavu karibu na Msalaba. Otomatiki hupotea gizani.

Kilimia: Na mwezi wa siku saba usikutishe Februari. Unazama kama saa sita usiku.