Oili inavuja kwenye tapeti kava licha ya gasketi mpya

Swali
Ndugu zangu, ninaendesha Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE. Mwezi uliopita fundi alibadilisha gasketi (kizibo cha maungio) ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini, lakini kabla ya wiki mbili kwisha oili ilianza kuvuja tena, safari hii kwenye kona ya upande wa cheni ya injini, na nikikaa kwenye foleni nasikia harufu ya oili inayoungua. Alikuwa amepaka silikoni kuzunguka gasketi nzima, na sasa anashauri tuongeze nyingine kwa nje. Je, ni sahihi?

Jibu la 1
Ndugu, usikubali, kwa kuwa silikoni haishiki mahali penye oili. Gasketi hiyo ni ya mpira, nayo huziba kwa kubanwa ikiwa kavu ndani ya mfereji wake. Ikipakwa silikoni huteleza na kuhama, na silikoni iliyozidi husukumwa ndani ya injini, ambako vipande vyake vinaweza kufika kwenye chujio la pampu na kuinyima injini oili.

Silikoni huhitajika mahali pawili tu, yaani pale kava ya cheni inapokutana na silinda hedi, upande wa mbele na wa nyuma, kwa sababu maungio hayo huacha upenyo mdogo ambao mpira peke yake hauujazi. Kona unayoitaja bila shaka ni mojawapo. Mabaki yote yaondolewe kwa kikwanguo cha plastiki, kamwe si kwa bisibisi, maana alumini ikichubuka itavujisha daima. Kisha pafutwe kwa dawa ya kusafishia breki, liwekwe tone dogo, na kava ifungwe kabla silikoni haijaanza kukauka. Injini isiwashwe hadi muda ulioandikwa kwenye tyubu upite.

Jibu la 2
Naongeza kwamba bolti za tapeti kava hukazwa kwa takriban niutoni mita 10 tu, kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa awamu. Anayekaza kwa hasira hukata uzi wa alumini. Kagua pia valvu ya PCV, inayotoa gesi zinazojikusanya ndani ya injini, iliyo kwenye kava yenyewe: ikiziba, mgandamizo wa hewa ndani ya injini huisukuma oili nje hata kama gasketi ni nzima.

Muulizaji
Nashukuru sana. Tumefungua leo, na kweli gasketi ilikuwa imetoka kwenye mfereji kwenye kona ileile. Valvu ya PCV ni nzima. Hata hivyo, nimekuta oili ndani ya shimo la plagi ya tatu.

Jibu la 1
Hiyo hupitia kwenye sili za mashimo ya plagi, ambazo huchakaa sawa na gasketi, kwa hiyo zibadilishwe sasa kabla kava haijarudi. Kausha shimo kwa kitambaa kabla ya kufungua plagi, ili oili isimwagikie ndani ya silinda, na uangalie mpira wa koili (kifaa kinachoipa plagi umeme), kwa sababu ukishalowa oili kwa muda mrefu huvimba na injini huanza kumisi, yaani silinda hushindwa kuwasha mafuta vizuri.