Taifodi ya shilingi 10,000: kliniki zetu zinauza kipimo kisichopima

Ndugu wanajamvi, nimevumilia vya kutosha. Katika miezi miwili binti yangu wa miaka saba amepimwa Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, mara tatu katika kliniki moja hapa Busia, upande wa Uganda, na mara zote tatu karatasi imerudi na neno lile lile: taifodi. Mara ya kwanza alichomwa sindano za antibiotiki ya seftriaksoni kwa siku tano, mara ya pili kwa siku saba, na mara ya tatu nikakataa. Risiti ninazo zote. Widal tatu kwa shilingi 10,000 kila kimoja na sindano 12 kwa shilingi 12,000 kila moja ni shilingi 174,000, bila kuhesabu nauli za boda boda wala siku alizokosa shule.

Ugonjwa ulikuwa kwenye njia ya mkojo. Daktari wa kituo cha afya cha serikali alimuuliza mtoto swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, kama anaumia anapokwenda haja ndogo, kisha akanituma duka la dawa nje ya lango ninunue kijiti cha kupima mkojo, kwa kuwa vya kituo vilikuwa vimekwisha. Nililipa shilingi 5,000, na jibu likaonekana katika dakika mbili. Mkojo ukapelekwa maabara kubwa zaidi kuoteshwa, yaani bakteria waliomo wakuzwe hadi watambuliwe, kwa shilingi 40,000, na baada ya siku tatu tukaambiwa kuwa bakteria ni E. coli, tena sugu kwa seftriaksoni ile ile niliyoinunua mara 12. Sasa ninaelewa kwa nini homa ilikuwa ikishuka kidogo kisha inarudi, na kwa nini sisi wazazi tulidanganyika kwamba dawa ilikuwa ikifanya kazi.

Sipingi vipimo vya bei nafuu. Kijiti cha mkojo ni nafuu kuliko Widal na ndicho kilichotuonyesha njia. Ninachopinga ni kupima bei peke yake bila kupima kile ambacho jibu linaweza kutuambia. Widal ni kipimo cha mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria wa taifodi mwenyewe, kinatafuta kingamwili ambazo mwili umetengeneza dhidi yake, na kingamwili hizo hubaki kwenye damu kwa miezi mingi baada ya mtu kupona, huweza kuletwa na chanjo, na nyingine zinazofanana nazo hutokana na maambukizi tofauti kabisa, malaria ikiwemo. Ili kipimo hiki kiwe na maana yoyote, damu inatakiwa kuchukuliwa mara mbili, siku kama 10 hadi 14 zikiwa zimepita katikati, na kiwango kiwe kimepanda mara nne. Ni kliniki gani hapa mtaani iliyowahi kumwita mgonjwa arudi kwa damu ya pili? Kwetu tone moja likigandana kwenye kioo, sindano inaandaliwa.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Tuseme wagonjwa 100 wenye homa wameingia kliniki, na watano tu kati yao ndio wenye taifodi. Tuseme pia kwamba kipimo kinawakosea watu 20 katika kila 100 wasio na ugonjwa huo. Katika wale 95, watu 19 watapewa taifodi ambayo hawana, na hata kama wagonjwa wa kweli wote watano watapatikana, wanaotibiwa bure bilashi watakuwa karibu mara nne yao. Hapo ndipo pesa zetu zinapopotelea, wala si kwenye ile 10,000 ya kaunta.

Musawo (mganga) wa kliniki ile iliyompima Widal nilipomrudia alinijibu, "Baba Zuhura, kuotesha damu ni ghali, na watu hawana subira ya siku tano." Sikatai. Kuotesha damu ni ghali kweli, na hata huko hukamata wagonjwa kama 60 tu katika kila 100 wenye taifodi, hasa ikiwa damu iliyotolewa ni kidogo. Lakini kuna jambo alilolikwepa: mgonjwa akishaanza antibiotiki, bakteria hupungua kwenye damu na kipimo hicho cha gharama hushindwa kuwaona. Kwa hiyo Widal haiishii kutoa jibu baya, bali inaharibu pia kipimo kizuri kinachokuja baada yake, na mzazi analipa mara mbili ili asijue lolote.

Mwongozo wa matibabu wa Wizara yetu ya Afya umeshaeleza kwamba jibu moja la Widal halithibitishi maambukizi. Nilipomtajia hilo alicheka, akasema wateja wenyewe ndio wanaokidai. Hilo nalo lina ukweli unaouma. Baada ya mlipuko wa Kampala wa mwaka 2015, ulioshukiwa kuwapata maelfu ya watu kwa sababu ya maji na vinywaji vichafu, jina la taifodi limetuingia moyoni, na mtu akiambiwa hana anahisi ameibiwa. Lakini aliyesomea kazi ni yeye, si mimi.

Ninataka wenye kliniki mlio humu mnijibu: kwa nini karatasi zenu huandika "taifodi" badala ya kuandika kiwango kilichopatikana? Na mnaofanya kazi maabara Tororo au Mbale, tafadhali tajeni bei ya kuotesha damu na mkojo wa mtoto, na siku ambazo sampuli hupokelewa, kwa sababu hapa Busia kila ninayemuuliza ananielekeza kwenye Widal.